Mwalimu wa Tuzo amehamishwa na kadi yangu haionekani: niruke Fedha niende Dhahabu?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya bweni katika Kaunti ya Taita Taveta. Mwaka jana nilimaliza Shaba, ngazi ya kwanza ya Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana wa huduma, stadi, mazoezi ya mwili na safari, na cheti ninacho. Muhula wa tatu nikasajiliwa Fedha, ngazi ya pili; ya mwisho ni Dhahabu. Kwa mazoezi ya mwili nilichagua netiboli, kwa huduma nikawa nawasomea vitabu watoto wa darasa la pili shule jirani kila Jumatano, na kwa stadi nikachagua ushonaji.

Mwezi wa kwanza mwalimu aliyetusimamia alihamishwa. Kadi zetu za kumbukumbu alikuwa anaziweka yeye na sasa hazionekani. Mwalimu mpya ni mtu mwema lakini anasema yeye Tuzo hii hajawahi kuisomea, amepewa tu. Netiboli naendelea kucheza tangu Januari ila hakuna anayetia sahihi. Kwenda shule jirani kulisimama kwa sababu hakuna mwalimu wa kutupeleka. Ushonaji nilifanya wiki nane likizo ya Desemba kwa shangazi yangu ambaye ni fundi, na yeye ndiye aliyenitilia sahihi kwenye karatasi.

Safari bado. Wa Fedha tumebaki wasichana watatu. Shule inapendekeza tupande kilima siku moja na basi litusubiri chini, tuandikiwe kwamba tumefanya.

Baba anasema niachane na mambo haya hadi nimalize KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Rafiki yangu naye anasema kwa kuwa nimefika miaka 16 naweza kuruka Fedha nianze Dhahabu moja kwa moja, nisahau kadi zilizopotea. Je, nianze upya, niruke, au niache? Niko nyumbani nusu muhula na natumia simu ya mama.

Msichana wa Fedha, Taita

JIBU

Marahaba, mwanetu.

Tuanze na hilo la kuruka, maana jibu lake ndilo litakalopanga mengine. Usiruke. Kanuni zinaruhusu, kweli: mwenye miaka 16 anaweza kuingia Dhahabu hata kama Fedha hajaigusa. Lakini piga hesabu. Dhahabu inadai miezi 12 ya huduma, miezi 12 ya stadi na miezi 12 ya mazoezi ya mwili, na anayeingia bila Fedha huongezewa miezi 6 katika mojawapo ya hizo tatu. Kwa hiyo hamalizi kabla ya miezi 18. Wewe mwenye Shaba, Fedha yako ni miezi 6 kwa kila sehemu, kisha Dhahabu 12. Ni miezi 18 ileile. Anayeruka huokoa saa kadhaa katika zile sehemu mbili zisizoongezwa, hilo tunamkubalia rafiki yako, lakini tarehe ya kumaliza haisogei mbele. Naye akikwama mwezi wa kumi na nne, hana cheti chochote cha katikati, na safari yake ya kwanza ngumu inakuwa ile ya siku nne.

Kuanza upya kabisa pia si lazima. Kuna muda wako unaoweza kuokolewa, na kuna ambao pengine umekwenda. Tuutazame sehemu kwa sehemu.

Miezi 6 kwenye Tuzo huhesabiwa kama wiki 26, kwa wastani wa saa moja kwa wiki. Neno wastani lina nafasi yake: wiki ya mitihani ukikosa, unaweza kufidia, lakini huwezi kucheza netiboli saa 26 kwenye mashindano ya wiki moja ukasema umemaliza. Kinachopimwa ni kurudi tena na tena. Muda huanza kuhesabiwa ukiwa umesajiliwa kwenye ngazi hiyo, kwa hiyo la kwanza kabisa ni kuthibitisha kwamba usajili wako wa Fedha ulifika ofisi ya Tuzo ya Rais na haukubaki kwenye droo ya mwalimu. Kama kituo chenu cha Tuzo, yaani shule yenu, kilikuwa kinaweka kumbukumbu mtandaoni, jina lako na tarehe vitaonekana huko hata kadi ya karatasi ikiwa imepotea. Kama hakikuwa, mwalimu mkuu aandike barua kuulizia.

Netiboli ndiyo iliyo salama zaidi. Muhula wa tatu una takriban wiki tisa, na Januari hadi nusu muhula ni wiki saba. Hizo ni 16. Mwalimu wa michezo bado yupo, na kwa kawaida ana orodha ya mahudhurio ya timu au angalau ratiba ya mechi. Mwombe aandike barua yenye mambo manne: tarehe ya kuanza, siku za mazoezi kwa wiki, wiki ambazo hamkucheza, na maendeleo aliyoyaona kwako. Asiandike "alihudhuria vizuri" akaishia hapo. Aandike kwamba ulianza ukiwa huwezi kucheza nafasi ya mlinzi robo nzima na sasa unaweza, kama ndivyo ilivyo. Barua hiyo ikikubaliwa, zimebaki wiki 10: tano muhula huu na tano muhula ujao. Mwisho wa Mei umemaliza.

Huduma ina wiki tisa za mwaka jana. Mwalimu wa darasa la pili wa ile shule jirani alikuwa anakuona kila Jumatano, na huyo ni shahidi bora kuliko mtu yeyote wa shule yenu. Barua ya namna ileile itoke kwake. Zimebaki 17. Sasa, ruhusa ya kutoka getini haitarudi yenyewe. Nendeni nyote watatu kwa naibu wa mwalimu mkuu na pendekezo lililoandikwa: siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, mwalimu gani wa kike yuko tayari kuwasindikiza, na nani atawapokea. Akikataa, msiache wiki zipite mkibembeleza. Hamishia huduma ndani ya shule, mradi mwalimu wa Tuzo ameandika mabadiliko hayo: kuwafundisha hesabu wanafunzi wa madarasa ya chini yenu wanaohitaji msaada, au kukarabati vitabu vya maktaba. Zamu ya kupiga deki bwenini haihesabiki, kwa kuwa kila mtu analazimika kuifanya. Huduma ni ya hiari, haina malipo, na hafanyiwi mtu wa familia yako. Ukianza tena wiki hii ya kurudi shule, tano za muhula huu na 12 za muhula wa pili zinakufikisha katikati ya Julai.

Ushonaji ndio wenye tatizo. Kushona kwa shangazi si kosa. Fundi ni fundi. Kosa ni sahihi yake. Mtathmini wa sehemu yoyote hapaswi kuwa ndugu yako, hata kama yeye ndiye fundi hodari kuliko wote mtaani, kwa sababu sahihi ya ndugu haimshawishi mtu wa tatu. Usiifute ile karatasi na usimtafute jirani atie sahihi kana kwamba yeye ndiye aliyekufundisha. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika unachafua hata zile wiki halali. Fanya hivi: chukua vile ulivyovishona Desemba, hata kipande cha zipu ulichokosea, upeleke kwa mwalimu wa sayansi ya nyumbani au fundi asiye ndugu. Avikague, akuulize maswali, akuone ukikaa kwenye cherehani. Akiridhika, aandike alichokiona. Kisha kiongozi wa Tuzo, yaani huyo mwalimu wenu mpya, aamue kama wiki hizo nane zinaingia. Jiandae kuambiwa hapana.

Na ukiambiwa hapana, tazama: wiki tano zilizobaki muhula huu, tatu za likizo ya Aprili, 14 za muhula wa pili, tatu za likizo ya Agosti, moja ya muhula wa tatu. Ni 26. Yaani hata ukianzia sifuri leo, ushonaji unaisha mwishoni mwa Agosti. Ila likizo ya Aprili lazima itumike, na kwa fundi mwingine. Mtafute kabla hujarudi shule, mwombe saa mbili kwa wiki, mkubaliane vizuri kama kuna malipo ya mafunzo.

Malengo yako pia yaandike upya, maana tunashuku uliandika "kujifunza kushona". Lengo la namna hiyo halina mwisho, kwa hiyo halina namna ya kupimwa. Andika: "Kufikia mwisho wa Agosti niwe nimeshona sketi ya pande nne yenye zipu na mkanda, na blauzi moja yenye mikono, nikipima na kukata mwenyewe." Mtathmini akisoma hivyo anajua atazame nini. Lengo linaweza kubadilishwa njiani likionekana kubwa au dogo mno, mradi libadilishwe mapema na kwa maandishi. Likibadilishwa siku ya mwisho lifanane na ulichofikia, halina maana tena.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, wengi wanaokwama hawakwami mlimani. Wanakwama kwenye wiki ndogondogo ambazo walizifanya na hawakuziandika. Tumia daftari la kurasa 48, ugawe sehemu tatu, na kila Ijumaa usiku andika mistari miwili kwa kila sehemu: tarehe, muda, ulichofanya, kilichokushinda. Kwa mfano, "Jumatano, saa 1 na dakika 15. Tulisoma hadithi ya sungura. Watoto watatu hawajui kutofautisha b na d. Wiki ijayo nitaleta kadi za herufi." Mtathmini atie sahihi kila baada ya wiki nne, asingoje mwisho. Mtu aliyezoea kukagua madaftari haya hulitambua lililojazwa usiku mmoja: wino mmoja, mwandiko mmoja, neno "nzuri" kutoka juu hadi chini, na mahudhurio hata siku ambayo shule ilikuwa imefungwa. Kwa kuwa simu haziingii bwenini, siku za kutembelewa mpe mama daftari alipige picha kurasa zote mpya. Kadi ikae kwa mwalimu kama desturi yenu ni hiyo. Daftari likae kwako.

Huyo mwalimu mpya msimchukulie kama kikwazo. Kiongozi wa Tuzo anahitaji mafunzo, na mafunzo yanaandaliwa na Tuzo yenyewe. Mwalimu mkuu anapoandika ile barua ya kuulizia usajili, aongeze aya moja: kiongozi wa kituo amebadilika, jina la mpya ni fulani, tunaomba apangiwe mafunzo. Hadi apate mafunzo hayo, anaweza kusimamia daftari na malengo. Safari asiisimamie.

Tumefika kwenye safari. Hiyo ya kupanda kilima siku moja basi likiwa chini ni matembezi mazuri, lakini si safari ya Fedha, na kuandikiwa kwamba mmefanya ni uongo wa watu wazima ambao ninyi ndio mtakaoubeba. Fedha inataka siku tatu na usiku mbili, na kila siku saa saba za juhudi yenye kusudi. Muda wa kupika, kula na kulala haumo. Kundi ni watu wanne hadi saba, kwa hiyo ninyi watatu hamtoshi hata mkiwa mashujaa. Sababu ni ya kiusalama: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kuita msaada, hakuna anayetembea peke yake. Mtafute kituo kingine kaunti hiyohiyo chenye wasichana wa Fedha walio wachache pia. Mwalimu wenu aulizie ofisi ya Tuzo vituo vilivyo karibu. Mkipata hata mmoja, mmetimia, ila ni heri mpate wawili, maana daima kuna anayeugua siku ya kuondoka.

Kabla ya safari yenyewe kuna mafunzo na safari ya mazoezi, ya aina ileile na katika mazingira yanayofanana, pamoja na kulala nje. Nusu muhula ya mwezi wa sita inafaa kwa mazoezi, na wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti kwa safari halisi. Machi hadi Mei mvua ya masika inafanya vijia vya huko juu viteleze vibaya. Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini vilima vya Taita hushikwa na ukungu na usiku ni baridi kweli. Anayetoka Voi akadhani sweta nyembamba itamtosha Wundanyi hatalala.

Mpate njia upande wa juu, kuzunguka Wundanyi, Ngangao na Vuria, ambako kuna vijia vya watu, maji na makazi. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Kipandeni mchana, mlale chini yake. Msishawishike na Sagalla au nyanda za chini kuelekea Tsavo kwa sababu tu ni karibu na barabara kuu. Huko tembo hupita mashambani, na wasichana watano wenye mabegi si kundi la kukutana nao saa kumi na mbili jioni. Misitu iliyohifadhiwa inahitaji kibali cha Huduma ya Misitu. Chifu wa kila eneo mtakalolala ajulishwe kwa barua, na mahali pa kulala pawe uwanja wa shule, kanisa au kituo cha misitu, ambako kuna mtu mzima anayejua mko hapo.

Msimamizi hatembei katikati yenu. Anakuwa mbele au nyuma na kuwakagua katika vituo mlivyokubaliana. Ninyi mnasoma ramani, mnaamua, mnapotea kidogo, mnarudi. Kwa hiyo lazima mjue ramani kwelikweli. Ramani za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, za kipimo cha 1:50,000 zinafaa: sentimita mbili ni kilomita moja. Hesabuni mwendo wa kilomita tatu kwa saa mkiwa na mizigo, na mwongeze dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kilomita tisa zenye mita 400 za kupanda ni saa 3 na dakika 40. Makundi mengi huhesabu kilomita peke yake, yakasahau kupanda, yakafika kambini giza limeingia na hakuna aliyechota maji. Karatasi ya njia iwe na kila kipande: kutoka wapi, hadi wapi, uelekeo wa dira, umbali, kupanda, muda, na pa kukatizia kufika barabarani mtu akiumia. Nakala moja abaki nayo msimamizi, nyingine shuleni.

Saa saba hazimaanishi kutembea saa saba. Safari huwa na kusudi mnalolichagua wenyewe, na muda wa kulifanyia kazi unahesabiwa. Mnaweza kuorodhesha chemchemi zilizo kwenye njia yenu: ipi ina maji, ipi imekauka, nani anaitunza, mabomba yamefika wapi. Ramani mtakayochora ndiyo itakuwa ripoti yenu mwishoni, na wenyeji wataitaka nakala. Kusudi la "kufurahia mazingira" halimpi mtathmini cha kuuliza.

Mizigo. Msichana wa kilo 50 abebe kilo 10, na asizidi 12. Mtungi wa gesi wa kilo 6 usiuguse: ukijaa hukaribia kilo 13 kwa chuma chake. Azimeni majiko madogo ya kambi, pamoja na mahema, kwa kituo kingine au kwa maskauti. Hakuna sababu ya wazazi kununua vifaa vya siku tatu. Maji lita tatu kwa mtu kwa siku, na ya mtoni yachemshwe hadi yatokote kwa dakika nzima. Maharagwe makavu yaacheni nyumbani, yanamaliza mafuta kabla hayajaiva. Kwa watu watano, usiku wa kwanza mchele gramu 600 na ndengu gramu 350 zilizolowekwa tangu asubuhi kwenye mkebe wenye kifuniko. Usiku wa pili unga kilo moja na omena gramu 250 zilizokaangwa nyumbani. Asubuhi uji. Mchana wa kwanza chapati za jana yake, siku zinazofuata mayai ya kuchemsha na karanga.

Viatu ndivyo vinavyorudisha watu nyumbani, hasa vipya. Kiatu ulichokinunua Ijumaa kitakutoa malengelenge Jumamosi kabla ya saa sita. Vaa utakavyosafiria kwa wiki mbili nzima kabla, na ukihisi joto mahali pamoja kisiginoni simama hapohapo ubandike plasta. Usione haya kulisimamisha kundi.

Sasa baba. Usiende kwake na hoja kwamba Tuzo itakuongezea alama za KCSE. Haitakuongezea hata moja, naye anajua. Mwambie ukweli ulivyo: ni wastani wa saa tatu kwa wiki, na mbili kati ya hizo ziko ndani ya muda wa michezo na vilabu ambao shule inao tayari. Chora kalenda ya mwaka huu kwenye ukurasa mmoja, uonyeshe wiki za mitihani zikiwa tupu, safari ikiwa Agosti, na Fedha ikiisha kabla hujaingia kidato cha nne. Kisha mwambie la muhimu kwake: "Baba, kidato cha nne sitagusa Tuzo." Dhahabu ina nafasi hadi kabla hujatimiza miaka 25, na unaweza kuisajili kupitia chuo au kituo kingine. Kama anauliza mambo haya yametoka wapi, mweleze kwamba yalianzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, Duke wa Edinburgh, kwa mawazo ya mwalimu Kurt Hahn, yakaingia Kenya mwaka 1966, na tangu 2017 yana sheria yake ya Bunge. Wazazi wengine hutulia wakisikia kwamba jambo lina sheria. Gharama mpe mapema na kwa jumla: usajili, nauli, chakula na sehemu yako ya kukodisha vifaa. Mzazi aliyeambiwa mwezi wa tatu atajipanga. Aliyeambiwa wiki ya safari atakataa, na hatutamlaumu.

Ukimaliza KCSE Novemba, una miezi kadhaa kabla ya chuo kikuu kufungua. Huo ndio wakati wa kuanza miezi 12 ya Dhahabu, na hasa wakati wa kufanya ile sehemu ambayo Shaba na Fedha hazina: kukaa siku tano na usiku nne mahali pengine ukifanya kazi yenye manufaa pamoja na watu ambao si wa shule yako wala wa nyumbani kwako. Uliza mapema ni kambi zipi zinakubalika, na uhakikishe barua ya mwisho inaandikwa na aliyeendesha kambi hiyo, kwenye karatasi yenye muhuri, kabla hujapanda gari la kurudi.